Toa Mlango

Kisiwani Chiloé mvua haipigi hodi.
Huingia na matope yake, ikakaa miezi saba,
na mwaka nilipotimiza kumi na mmoja
ilikuwa imeshautafuna ukuta wa mbele wa kanisa letu,
hata misa ikisomwa
mishumaa yote huinamia madhabahu
kwa upepo, si kwa imani.

Babu Eleuterio alikuwa mpasuaji wa vigae vya mbao.
Hesabu yake ilikuwa jicho.
"Mikokoteni miwili," alisema, akafumba jingine.
Lakini Don Abelardo, mshika fedha za michango,
alitaka namba kwenye karatasi:
"Jicho halitoi risiti, Eleuterio."

Basi nikatumwa mimi, mwenye daftari
na penseli iliyotafunwa kisogoni,
nikasimama kwenye tope nikiutazama ukuta
usio na jina.
Mwalimu Hortensia alikuwa ametufundisha mstatili peke yake,
pembetatu peke yake, duara peke yake,
kila moja katika ukurasa wake
kama wagonjwa wodini.
Hakutuambia kwamba huko nje maumbo huishi pamoja,
hubebana mabegani,
na jingine humng'ata mwenzake ubavuni.

Nikachora. Nikaukata mchoro kwa mstari wa nukta.
Chini, mstatili: upana mita nane, kimo tano.
Arobaini.
Juu yake pembetatu, kofia ya paa:
kitako nane, kimo tatu, nusu ya ishirini na nne.
Kumi na mbili.
Jumla hamsini na mbili. Nikaipigia mistari miwili chini
kama mtu anayekomea mlango.

Vigae thelathini kwa kila mita ya mraba,
maana kigae huonyesha theluthi yake tu,
theluthi mbili zimelala chini ya jirani zikiwa kavu.
Elfu moja mia tano na sitini!
Babu hakubisha. Alipasua wiki sita,
rungu likigonga shoka, shoka likiuliza mti,
na usiku alilala na mikono nje ya blanketi
kwa sababu viganja vilikuwa vinawaka.

Siku ya mwisho ya kupigilia, Don Abelardo akipiga makofi,
lundo lilikuwa bado limesimama kwenye nyasi.
Babu akavihesabu vigae kimoja kimoja, bila kusema.
Mia mbili ishirini na saba.
Kisha akaenda akasimama mlangoni mwa kanisa,
akatanua mikono hadi vidole vikagusa miimo.
"Na hapa," akaniuliza, "tungepigilia juu ya hewa?"

Nikafungua daftari kwa aibu, mvua ikidondokea wino.
Mlango: mita mbili kwa tatu. Sita.
Juu yake tao, nusu duara, nusu kipenyo mita moja:
moja nukta tano saba.
Saba nukta tano saba, mara thelathini.
Mia mbili ishirini na saba, na chembe.
Nikatetemeka. Kosa langu
lilikuwa sahihi hadi kigae cha mwisho.

Babu alicheka mpaka akakohoa.
Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia:
akapakia lundo lile mgongoni, safari tano,
hadi kwa ndugu yake Rosamel,
ambaye hawakusemeshana tangu ugomvi wa shamba la viazi,
lile lililopinda kama kiwiko,
ambalo kila mmoja alilipima akapata lake.
Hakusalimu. Akaanza kupigilia ukuta wa kusini, uliooza.
Baada ya saa nzima Rosamel alitoka,
akashika ngazi.

Ukuta ule, ambao hakuna aliyeuchora,
ulimeza mia mbili na kumi na tisa.
Vinane vilivyobaki
Bibi aliwashia jiko.